Jaji Aliyeandaa Kushindwa Kwake: Waties Waring na Shauri la Shule za Clarendon

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la South Carolina, Marekani, aliyekaa kitini miaka kumi, kuanzia 1942 hadi 1952. Jina lake, J. Waties Waring, nimeliacha wazi pamoja na majina ya majaji, mawakili na wanasiasa wa wakati wake, kwa sababu waliyoyatenda waliyatenda wakiwa kazini na yamo katika kumbukumbu za umma. Majina ya wazazi, watoto, askari, mchungaji na wanakijiji nimeyaondoa. Kesi yenyewe hujulikana kwa jina la mzazi mmoja. Hapa nitaiita shauri la Clarendon, kwa jina la kaunti ilikotoka.

Wanaomsimulia Waring kwa kawaida hukimbilia sentensi moja aliyoiandika Juni 1951. Kwangu, jambo zito zaidi alilifanya miezi saba kabla, katika kikao cha awali ambacho hakikuwa na shahidi wala hukumu. Siku hiyo aliamua swali gani liulizwe, na liulizwe mbele ya nani. Utata wa kisa hiki unaanzia hapo, nao ndio unaomhusu zaidi mtu wa sheria.

Usuli: mtu wa mji

Waring alizaliwa Charleston, Julai 1880. Ukoo wake ulikuwa umekaa mjini humo vizazi vinane, uliwahi kumiliki watumwa, na baba yake alipigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alimaliza College of Charleston mwaka 1900. Chuo cha sheria hakwenda. Alisomea sheria katika ofisi ya wakili, kama walivyofanya vijana wengi wa tabaka lake, kisha akafaulu mtihani wa uwakili. Alipata kuwa msaidizi wa mwendesha mashtaka wa shirikisho, na katika miaka ya 1930 akawa mwanasheria wa jiji la Charleston. Mwaka 1938 alisaidia kampeni ya Seneta Ellison Smith, mwanasiasa aliyejenga jina lake kwa kuhubiri ukubwa wa wazungu.

Katika maisha hayo hakuna dalili ya mtu atakayekuja kupasua jahazi. Alikuwa mwanachama wa vilabu vilivyostahili, jamaa zake walikuwa wale waliostahili, na nyumba yake ilikuwa Meeting Street, mtaa wa wenyewe. Hata ujaji aliupata kwa njia ya kawaida ya siasa za huko: maseneta wa jimbo lake walikuwa radhi naye, Rais Franklin Roosevelt akapeleka jina, Seneti ikathibitisha Januari 1942. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Jambo moja la kimfumo msomaji alishike mapema. Jaji wa shirikisho wa Marekani hukaa kitini maadamu mwenendo wake ni mwema. Mshahara wake haupunguzwi, na haondolewi ila Baraza la Wawakilishi limshtaki na Seneti imtie hatiani. Umri wa kustaafu kwa lazima haupo. Kenya leo jaji hustaafu akifika miaka 70. Kwa sheria hiyo Waring angekuwa nyumbani kwake miezi minne kabla ya kikao ninachokizungumzia.

Alivyobadilika, 1944 hadi 1948

Mapema 1944 ililetwa mbele yake kesi ya walimu weusi wa Charleston waliokuwa wakilipwa chini ya wenzao wazungu kwa kazi ile ile. Wakili wao alikuwa Thurgood Marshall wa NAACP, shirika lililotetea haki za weusi. (Ndiye yule ambaye mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, na akaandika rasimu ya sura ya haki.) Marshall alikuja amejiandaa kupambana na jaji wa Kusini wa aina aliyoizoea. Akamkuta jaji anayewauliza wajumbe wa bodi ya elimu maswali makali, na amri ikatoka ya kusawazisha mishahara.

Mwaka uliofuata Waring alimwacha mke wake wa zaidi ya miaka 30, akaoa mwanamke kutoka Kaskazini aliyekwisha kuachika mara mbili. South Carolina wakati huo haikuwa na sheria ya talaka kabisa, hivyo talaka ilitafutwa Florida. Charleston ilimfungia milango. Tangu hapo watu wa mji walikuwa na maelezo mepesi: jaji analipiza kisasi kwa waliomtenga. Maelezo haya bado husikika, na tarehe zinayakanusha. Kesi ya walimu ilikuja kabla ya talaka. Sikatai kwamba kutengwa kulimwongezea ujasiri, maana aliyekwisha kufukuzwa klabuni hatishwi na kufukuzwa klabuni. Lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa.

Kilichomgeuza zaidi ni kesi ya askari. Februari 1946, mwanajeshi mweusi aliyekuwa ameachishwa jeshi siku hiyo hiyo, bado amevaa sare, alikuwa akirudi kwao kwa basi. Alijibizana na dereva kuhusu kwenda chooni. Dereva alimwita polisi katika mji mdogo wa Batesburg, na mkuu wa polisi wa hapo akampiga kwa rungu hadi akapofuka macho yote mawili. Serikali ya shirikisho ilimshtaki mkuu huyo wa polisi Novemba mwaka huo, mbele ya Waring, mjini Columbia. Upande wa mashtaka ulifanya kazi kwa mkono mmoja na mashahidi walikuwa wachache. Marekani hatia huamuliwa na raia wanaoitwa juri, na juri ile ilikuwa ya wazungu watupu. Waring alipoona inakwenda kushauriana alitoka nje kutembea, makusudi, ili angalau zipite dakika kadhaa kabla ya kuletewa jibu. Haikuchukua hata nusu saa: mshtakiwa hana hatia. Mke wa jaji alitoka mahakamani akilia.

Baada ya hapo Waring na mkewe walianza kusoma usiku, vitabu na tafiti kuhusu mfumo wa rangi ambao yeye aliishi ndani yake miaka 60 bila kuuliza. Mahakamani kwake aliondoa utaratibu wa kuwaketisha watu kwa rangi, akaacha kuweka alama ya rangi kwenye orodha ya juri, akaajiri karani wa mlangoni mweusi.

Halafu ikaja kesi ya kura. Msomaji wa Tanzania ataielewa haraka, kwa kuwa anajua kura za maoni ndani ya chama, na wa Kenya anajua mchujo. South Carolina ya wakati huo ilikuwa na chama kimoja chenye nguvu, Democratic, kwa hiyo aliyeshinda kura za maoni ndiye aliyeshinda uchaguzi. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kura za maoni za wazungu pekee. Jimbo likaitisha kikao cha dharura cha bunge, likafuta sheria zake zote zilizogusa kura za maoni, kisha likadai kwamba chama sasa ni klabu ya watu binafsi. Julai 1947 Waring aliikataa hoja hiyo, akaandika kwamba ni wakati wa South Carolina kurudi katika Muungano, yaani Marekani. Mahakama ya rufaa ilimuunga mkono. Chama kikajaribu tena kwa kuwataka wapiga kura waape kuunga mkono utenganisho, yaani kuwatenga watu kwa rangi, na mwaka 1948 akakizuia, safari hii akiwaambia viongozi wake kwamba atakayekaidi amri ataingia jela. Agosti mwaka huo weusi wapatao 35,000 walipiga kura.

Clarendon: kutoka basi hadi shule

Clarendon ni kaunti ya mashamba ya pamba, na wakazi wengi walikuwa weusi. Katika mwaka wa shule 1949/50 wilaya ilitumia dola 179 kwa kila mtoto wa kizungu na dola 43 kwa kila mtoto mweusi. Watoto wazungu walikuwa na mabasi 30. Watoto weusi hawakuwa na hata moja, na wengine walitembea maili kadhaa kwenda na kurudi.

Madai yalianzia hapo, kwenye basi. Mkulima mmoja alifungua kesi mwaka 1948 akiomba basi la watoto wake. Ikakwama kwa jambo dogo la mipaka: shamba lake lilikatizwa na mpaka wa wilaya mbili za shule, na kodi yake ilikuwa inaingia upande usio wa shule aliyoilalamikia. Ikaonekana kisheria hana haki ya kushtaki. Benki na wafanyabiashara wakamnyima mkopo, na mazao yakabaki shambani kwa kukosa mashine ya kuvunia.

Mchungaji mmoja, ambaye pia alikuwa mwalimu, ndiye aliyewakusanya tena watu. Safari hii Marshall alitaka wadai wengi, ili kesi isife kwa udhaifu wa mtu mmoja. Wazazi na watoto zaidi ya 100 walitia saini ombi mwishoni mwa 1949. Mei 1950 kesi ikafunguliwa, nayo iliomba usawazishaji: majengo sawa, mabasi sawa, fedha sawa. Kwamba shule zenyewe zilikuwa zimetengwa kwa rangi, kama katiba ya jimbo ilivyoamuru, hati ya madai haikulishika moja kwa moja.

Sababu ilikuwa ya kimkakati. Tangu 1896 Mahakama ya Juu ilikuwa imeruhusu utenganisho mradi kila upande upate sawa. NAACP kwa miaka mingi ililishika jimbo kwa neno lake lenyewe: mmesema sawa, basi toeni sawa. Kesi za namna hiyo zilishindwa mara chache, na kila ushindi ulifanya utenganisho uwe ghali zaidi. Juni 1950, wiki chache baada ya hati ya Clarendon kuwasilishwa, Mahakama ya Juu iliamua kesi mbili za vyuo vikuu, za Texas na Oklahoma, zilizoonyesha kwamba usawa haupimwi kwa matofali peke yake. Baada ya hapo NAACP ikaamua kimsingi kuanza kuushambulia utenganisho wenyewe. Lakini hati ya Clarendon ilikuwa imeshaandikwa kwa mtindo wa zamani.

Kikao cha Novemba 17, 1950

Mawakili walifika Charleston wakitarajia kupanga tarehe na mashahidi. Waring alimwambia Marshall kwamba haitaki kesi nyingine ya usawazishaji. Kama walalamikaji wanataka kupinga utenganisho, waseme hivyo kwenye hati. Alipendekeza kesi iliyopo iondolewe bila kuathiri haki ya kufungua upya, kisha iletwe nyingine inayosema kwamba sheria na katiba ya South Carolina vinavunja Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayodai kila mtu apate ulinzi sawa wa sheria.

Jambo hili linaweza kuonekana kama marekebisho ya maneno. Halikuwa hivyo, kwa sababu ya kanuni moja ya mwenendo wa kesi. Wakati huo, ombi la kuzuia sheria ya jimbo kwa hoja kwamba inavunja Katiba ya Marekani lilipaswa kusikilizwa na majaji watatu, na rufaa yake ilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu bila kupitia mahakama ya rufaa. Kesi ya usawazishaji ingebaki kwa Waring peke yake. Angeshinda, yaani angetoa amri aitakayo, na huenda ingeishia hapo.

Alipiga hesabu hivi. Peke yake angewapa wazazi basi na majengo. Akiwa mmoja wa watatu angeshindwa kwa kura mbili dhidi ya moja. Mmoja wa wenzake angekuwa George Bell Timmerman, mtetezi wa utenganisho asiyejificha. Mwingine angekuwa John J. Parker, jaji mkuu wa mahakama ya rufaa ya kanda, mtu makini aliyeheshimu mno maamuzi ya mahakama ya juu yake. Parker aliwahi kuteuliwa kwenda Mahakama ya Juu mwaka 1930 na Seneti ikamkataa, NAACP ikiwa miongoni mwa waliompinga. Lakini ni huyo huyo aliyeandika hukumu ya kumuunga mkono Waring kwenye kesi ya kura. Tumaini lilikuwapo, dogo. Kwa vyovyote, kushindwa huko kungefungua mlango wa Washington.

Marshall hakufurahi. Mkakati ulikuwa wake yeye na wenzake, na hakuna wakili anayependa kupangiwa kesi na jaji. Pia aliogopa, kwa haki kabisa, kwamba kufika Mahakama ya Juu mapema na kupoteza kungeifunga hoja kwa kizazi kizima. Hata hivyo alikubali. Desemba hati mpya iliwasilishwa.

Kesi mbele ya watatu

Kesi ilisikilizwa Mei 28 na 29, 1951. Mamia ya watu weusi, wengi wametoka Clarendon alfajiri, walipanga foleni nje ya mahakama ya Charleston.

Wakili wa wadaiwa, Robert Figg, alianza kwa hatua ya ufundi mkubwa: alikiri. Ndiyo, shule za weusi si sawa. Jimbo linajua, na limeanza kurekebisha. Gavana James Byrnes, ambaye naye aliwahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alikuwa amepitisha kodi mpya ya mauzo na mpango wa hati za dhamana za dola milioni 75 kwa ajili ya majengo. Kwa sentensi chache Figg aliwaondolea walalamikaji nusu ya ushahidi wao. Kama hati ingebaki ya usawazishaji, kesi ingekwisha asubuhi hiyo kwa jimbo kuahidi na mahakama kuagiza. Kwa kuwa hati ilikuwa mpya, Marshall alibaki na hoja kamili mkononi, akaita wataalamu, akiwamo mwanasaikolojia Kenneth Clark aliyekuwa amewafanyia watoto wa Clarendon jaribio lake la wanasesere weupe na weusi, la kupima jinsi ubaguzi unavyowaathiri.

Hukumu ilitoka Juni 23. Parker, akiandikia walio wengi, aliamuru usawazishaji na kulitaka jimbo lilete ripoti ndani ya miezi sita. Utenganisho aliuacha, akisema mahakama ya chini haina mamlaka ya kufuta kilichoamuliwa na Mahakama ya Juu. Waring aliandika hukumu pinzani. Aliwasifu wazazi kwa ujasiri wao, akasema kukiri kwa jimbo kulikuwa njia ya kukwepa swali, akaeleza kuwa uamuzi wa 1896 ulihusu mabehewa ya treni, wala si watoto darasani, na akaandika kwamba kama utenganisho ni kosa, mahali pa kuukomesha ni darasa la kwanza. Sentensi yake inayokumbukwa ni fupi: utenganisho wenyewe ni kutokuwa sawa.

Matokeo

Shauri la Clarendon lilifika Washington, likaunganishwa na mengine manne kutoka Kansas, Virginia, Delaware na Washington yenyewe. Mei 17, 1954 Mahakama ya Juu ilitamka kwa kauli moja kwamba shule zilizotengwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa kwa asili yake. Kimaana, hoja ya jaji aliyeshindwa Charleston ilikuwa imekubaliwa.

Waring hakuwa tena kazini. Sheria ilimruhusu jaji mwenye miaka 70 kustaafu kwa mshahara kamili akitimiza miaka kumi ya utumishi. Yeye aliitimiza Januari 1952, na Februari akaondoka, akahamia New York. Alikuwa ameshachomewa msalaba nje ya nyumba, ambalo ni tishio la wabaguzi wa rangi, Machi 1950, na Oktoba mwaka huo mawe yalivunja kioo chake usiku. Serikali ilimpa walinzi. Alifariki Januari 1968 na kurudishwa Charleston kuzikwa. Weusi wapatao 200 walimsindikiza, na wazungu waliokuja walikuwa kama dazeni moja. Mwaka 2015 jengo la mahakama la Charleston lilipewa jina la Waring, baada ya Seneta mstaafu Fritz Hollings kuomba mwenyewe kwamba jina lake liondolewe.

Julai 1955 kesi ilirudi kwa jopo la majaji watatu kwa utekelezaji. Parker aliandika kwamba Katiba haiamuru kuchanganya watoto, inakataza kubagua tu. Majimbo ya Kusini yalijificha nyuma ya maneno hayo kwa takriban miaka kumi. Kesi ile ile iliyovunja utenganisho ndiyo iliyozaa kisingizio cha kuuchelewesha.

Uchambuzi

Nianze na kikao cha Novemba. Je, jaji ana haki ya kumwambia mdai abadilishe madai? Jibu la haraka ni kwamba majaji hufanya hivyo kila siku: hati haieleweki, jaji anatoa ruhusa irekebishwe. Lakini Waring hakuwa anafafanua hati, alikuwa anaichagua. Mdaiwa aliyekuwapo chumbani angeweza kusema kwamba mwamuzi ameingia uwanjani na kuanza kupiga mpira.

Namtetea kwa sababu mbili, na utetezi wangu una mipaka. Kwanza, hakumnyima mdaiwa kitu. Kwa kupendekeza jopo la majaji watatu alijipunguzia mwenyewe nguvu: kutoka kuwa mwamuzi pekee akawa sauti moja kati ya tatu. Jaji anayetaka kupendelea kwa kawaida huvuta kesi kwake. Pili, uamuzi ulibaki wa wadai. Marshall angeweza kukataa, na kesi ya usawazishaji ingeendelea. Hoja ya pili ina udhaifu, nami naukiri: wakili anayesimama mbele ya jaji yule yule mwaka baada ya mwaka hana uhuru mkubwa wa kukataa ushauri wake. Na wateja walikuwa mashambani Clarendon, hawakuwa chumbani.

Kilichofanikiwa kilitokana na kuujua mwenendo wa kesi. Waring hakupata nguvu mpya. Alijua tu ngazi inayoelekea juu ilianzia wapi. Hoja ya kwamba kukiri kwa Figg kungeimaliza kesi ya usawazishaji inatosha kuonyesha alivyoona mbali, ingawa hakuweza kujua kwamba Figg angefanya hivyo. Jimbo lilikuwa tayari kulipa fedha nyingi ili lisijibu swali. Likajenga shule mpya za weusi kwa haraka, na nyingine zilisimama zikiwa bado mpya siku hukumu ya 1954 ilipotangazwa.

Na Parker? Wasimulizi humfanya mwoga. Sioni hivyo. Kanuni aliyoifuata, kwamba mahakama ya chini haifuti uamuzi wa mahakama ya juu, ndiyo inayotupa sisi sote uhakika wa sheria. Kosa lake naliona mwaka 1955, alipokuwa na uamuzi mpya wa kufuata na akaufuata kwa mkono uliofumbwa, akitoa kidogo iwezekanavyo.

Kilichoharibika ni mwenendo wa Waring nje ya mahakama. Mwaka 1950 alikuwa akihutubia mikutano ya haki za kiraia huku mashauri ya haki za kiraia yakiwa mezani kwake, na viongozi wa NAACP walikuwa wageni wa chakula nyumbani kwake. Januari mwaka huo mkewe alitoa hotuba kwa wanawake weusi wa Charleston akiwaita wazungu wa Kusini watu wagonjwa na waliopotoka, na magazeti yakaibeba nchi nzima. Mke ana ulimi wake, sawa. Jaji alikuwa na wake pia, na aliutumia mahali pasipo pake. Kila hotuba iliwapa wapinzani sababu ya kuisoma hukumu yake kama mwendelezo wa hotuba. Miezi ya kutafuta njia ya kumshtaki Washington haikuzaa kitu, kwa kuwa kinga ya kiti ilisimama imara. Lakini kinga ya kiti hailindi sifa ya kutopendelea.

Kustaafu kwake nako kuna walakini. Januari 1952 Mahakama ya Juu ilirudisha kesi kwa jopo ili majaji waeleze maoni yao juu ya ripoti ya jimbo. Waring aliondoka wiki chache baadaye, jaji mwingine akachukua nafasi yake, na Machi jopo lilitoa uamuzi bila mpinzani. Hukumu pinzani ya 1951 ilikuwa kwenye jalada tayari, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa. Ila mtu aliyesukuma kesi ifike pale angeweza kusubiri mwezi mmoja zaidi.

Linalonisumbua kuliko yote ni wazazi. Jaji alikuwa na mshahara usioguswa, walinzi, na pensheni kamili. Waliotia saini hawakuwa na hata kimoja. Mchungaji alifukuzwa ualimu, nyumba yake ikaungua mwaka 1951 zimamoto wakiwapo na wasiizime, kanisa lake likachomwa 1955, na usiku aliporushiwa risasi na kuzijibu, hati ya kumkamata ilitolewa kwa jina lake. Alitoroka jimbo. Wengine walifukuzwa kazi, wakanyimwa mikopo ya mbegu, wakahamishwa mashambani. Kuingiza wadai wengi, mbinu ya busara ya kuokoa kesi isife kama ile ya basi, kulizidisha idadi ya walioumia. Na kuibadilisha kesi kutoka basi kuwa utenganisho kuliongeza hasira kwa kiwango ambacho hakuna aliyekipima pamoja nao. Amri ya 1951 ilihusu majengo na mabasi, ile ya 1954 ilihusu shule. Hakuna iliyogusa kazi na mashamba yaliyopotea. Mzazi ambaye jina lake linaongoza kesi alipoteza kazi ya kituo cha mafuta, mkewe akapoteza ya hoteli, na baadaye baba huyo alilazimika kwenda Florida kutafuta kibarua ili alishe watoto. Hati ya kumkamata mchungaji ilifutwa mwaka 2000, zaidi ya miaka 25 baada ya kifo chake.